Maumivu yanayohama: jinsi ya kutambua kidole tumbo kabla hakijapasuka

Nimekaa mapokezi ya wagonjwa wa dharura miaka 22. Kazi yangu ilikuwa kumtazama mtu anavyoingia mlangoni, na ndani ya dakika mbili kuamua nani apite moja kwa moja kwa daktari na nani akae kwenye benchi. Wenye tumbo ndio walionitoa jasho kuliko wote. Aliyevunjika mkono unamwona. Anayevuja damu unamwona. Mwenye tumbo anakuja amejikunja, anasema "tumbo linaniuma", na maneno hayo mawili yanaweza kuwa gesi au yanaweza kuwa safari ya chumba cha upasuaji usiku huohuo.

Pamoja na miaka yote hiyo, kidole tumbo cha mdogo wangu kilinipita. Alinipigia simu saa nne usiku. "Dada, tumbo linanisumbua tangu jioni, hapa karibu na kitovu. Hata chakula sikitaki." Nilikuwa nimetoka zamu, miguu imevimba. Nikamjibu kwamba hiyo ni gesi, anywe dawa ya tumbo alale. Asubuhi hakunipigia, na kwa nini anipigie wakati nesi mzima ameshamwambia ni gesi? Alfajiri maumivu yalikuwa yameshuka kulia. Akayavumilia mchana kutwa. Usiku wa pili yakatulia ghafla, akamshukuru Mungu, akalala. Baada ya saa mbili akaamka anatetemeka, tumbo zima gumu kama ubao. Alikaa wodini siku 11.

Dalili zote alizonipa kwenye simu zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mimi kumwambia: "Andika saa, na yakihama nipigie hata kama ni usiku wa manane." Kwa hiyo hapo ndipo ninapoanzia.

Anza kwa kuandika saa

Watu huniuliza maumivu ya kidole tumbo yanakuwa makali kiasi gani. Swali hilo halinisaidii sana. Nimepokea waliopiga kelele hadi ukumbi mzima ukageuka, wakakutwa na mawe kwenye figo, na nimepokea kijana aliyenisalimia vizuri kabisa, anatembea polepole ameinama kidogo, na kidole tumbo chake kilikuwa kimeshatoboka. Ukali unadanganya. Kinachosema kweli zaidi ni mpangilio: nini kilianza, kikafuatiwa na nini, saa ngapi.

Chukua karatasi au simu. Andika maumivu yalipoanza na mahali yalipoanzia. Kila yanapobadilika, andika tena. Mistari mitatu tu inatosha, ila iwe na saa.

Kidole tumbo, au apendiksi, ni kijifuko chembamba kinachoning'inia pale utumbo mpana unapoanzia, upande wa kulia chini. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 9 hivi. Mlango wake ukiziba, mara nyingi kwa kipande cha kinyesi kilichokauka au kwa uvimbe wa tezi zilizo kwenye ukuta wake, ute unajaa ndani, bakteria wanazaliana, ukuta unatuna na damu inashindwa kuufikia. Mwanzoni neva za utumbo hazijui kuonyesha mahali hasa. Mgonjwa anahisi usumbufu katikati, kuzunguka kitovu au juu yake kidogo, na hawezi kukuonyesha kwa kidole kimoja. Anazungusha kiganja. Uvimbe ukishagusa utando unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo, hapo ndipo maumivu yanapopata anwani: yanahamia kulia chini, yanakuwa makali, na mgonjwa sasa anakuonyesha kwa ncha ya kidole. Kati ya hatua hizo mbili hupita saa kadhaa, pengine usiku kucha. Kuhama huko ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote.

Mpangilio wa kawaida unaendelea hivi. Maumivu hutangulia. Hamu ya kula inakufa karibu na mwanzo. Mtu anayeomba chakula kwa bidii hunipunguzia wasiwasi, ingawa hauniishi. Kichefuchefu na kutapika huja baada ya maumivu. Ikiwa mtu alianza kwa kutapika na kuharisha, tumbo likafuata, mara nyingi ni maambukizi ya tumbo. Nasema mara nyingi. Homa huja mwishoni, nayo huwa ndogo, nyuzijoto 37.5 au 38 hivi, na wengine hawana kabisa. Usikae nyumbani ukisubiri homa ipande ndiyo uamini. Homa kali yenye kutetemeka huenda ikawa ishara kwamba kimeshapasuka.

Saa zina maana nyingine tena. Ukihesabu tangu maumivu yaanze, baada ya saa 24 hadi 36 hatari ya kutoboka huanza kupanda waziwazi, na kwa watoto wadogo mambo hukimbia zaidi. Mdogo wangu alikuwa ameshavuka saa 30. Karatasi ingetuambia.

Mwili unavyojieleza

Mtazame kabla hujamgusa. Mwenye mawe ya figo hawezi kutulia: anakaa, anasimama, anazunguka kitanda. Mwenye kidole tumbo kilichowaka hutulia kama aliyeambiwa asipumue. Analala chali au kwa ubavu, goti la kulia amelikunja, na ukitingisha kitanda anakukasirikia.

Mwambie akohoe, kisha akuonyeshe palipouma. Akiweza kusimama, ainuke kwa vidole vya miguu halafu ajiachie ghafla atue kwa visigino. Mtoto mwombe aruke. Mtikisiko ukimchoma kulia chini, au akikataa kabisa kuruka, hilo ni jambo zito.

Unaweza pia kupapasa mara moja, taratibu. Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa New York, Charles McBurney, alieleza mahali ambapo maumivu hujikusanya: vuta mstari kutoka kwenye ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia hadi kitovuni, gawanya mara tatu, simama kwenye theluthi ya kwanza kutoka kwenye mfupa. Bonyeza pole kwa kuanzia kushoto, umalizie hapo. Mara moja, basi. Nimeona familia nzima zikipokezana kumbonyeza mgonjwa, kila anayeingia anataka kuhakikisha. Hilo ni kumtesa tu.

Kipimo changu ninachokipenda hakihitaji mkono wa mtu. Nilikuwa nikimuuliza aliyemleta mgonjwa: "Mlipopita kwenye matuta barabarani, alifanyaje?" Wenzangu walinicheka. Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza wakachapisha uchunguzi wa swali hilohilo: kati ya wagonjwa 34 waliothibitika kuwa na kidole tumbo, 33 walikuwa wameumia zaidi gari lilipopanda matuta. Wapo wengi wanaoumia kwenye matuta kwa sababu nyingine, kwa hiyo kuumia peke yake hakuthibitishi kitu. Lakini aliyepita matuta yote akipiga soga humfanya mtu afikirie ugonjwa mwingine kwanza.

Wale ambao hawafuati kitabu

Ningekuwa na uwezo ningewaandikia hawa kurasa zao peke yao, maana ndio wanaochelewa.

Kwanza, kidole tumbo chenyewe hakilali mahali pamoja kwa kila mtu. Kwa wengine kimejificha nyuma ya utumbo, na maumivu yanakuwa ubavuni au mgongoni kulia, tumbo la mbele ukiligusa halilalamiki sana. Kwa wengine kinaning'inia hadi kwenye nyonga, kinasugua kibofu au utumbo wa mwisho. Huyu atakwambia anakwenda kukojoa kila mara, au anaharisha kidogokidogo. Akipimwa mkojo ukakutwa na mabadiliko kidogo, anapewa dawa ya maambukizi ya mkojo na kurudishwa nyumbani. Dawa hizo zikipita siku nzima bila nafuu na maumivu yanazidi kulia, rudi.

Mtoto chini ya miaka mitano hajui kusema "yamehama". Utamwona hataki kucheza, hataki kubebwa, anatapika, ana homa, anavuta magoti tumboni. Wengi wao hufika hospitali kimeshapasuka, si kwa uzembe wa wazazi, ni kwa sababu dalili zinafanana na kila ugonjwa mwingine wa utoto. Kwa mvulana yeyote anayelalamikia tumbo la chini, muulize kuhusu korodani na uziangalie. Korodani iliyojinyonga huleta maumivu ya tumbo, vijana huona aibu kusema, na ina takriban saa sita tu za kuokolewa.

Mzee ni kinyume cha mtoto kwa kelele lakini hatari ileile. Maumivu yake yanaweza kuwa madogo, homa hakuna, anasema "nimechoka tu". Mzee ambaye hali chakula, tumbo linamsumbua na anazidi kunyong'onyea ndani ya siku moja, mpeleke.

Mjamzito naye hupata kidole tumbo kama wengine. Mimba inapokua, maumivu huweza kupanda juu zaidi ya palipozoeleka, na kichefuchefu kikija kila mtu anailaumu mimba. Kikipasuka, mtoto aliye tumboni yuko hatarini zaidi kuliko upasuaji wenyewe ungemfanya, kwa hiyo woga wa kupasuliwa ukiwa na mimba usikucheleweshe kwenda.

Na mwanamke au msichana aliye kwenye umri wa kuzaa, akiwa na maumivu ya tumbo la chini na hedhi imechelewa, asisubiri kuhama wala kutohama. Mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuwa inamwaga damu ndani. Akihisi kizunguzungu, kuzimia, au maumivu kwenye ncha ya bega, ni dharura ya dakika hiyo.

Usifanye haya wakati unatafakari

Usimpe dawa ya kulainisha choo wala usimpige bomba la kusafisha tumbo kwa kudhani ni choo kimefunga. Utumbo ukisukumwa kwa nguvu huku kidole tumbo kimejaa, unaweza kukisaidia kupasuka. Usiweke chupa ya maji ya moto tumboni. Ukishashuku kidole tumbo, acha kumlisha; kabla ya dawa ya usingizi hospitali hutaka tumbo likae bila chakula kama saa sita. Maji ya kulowesha mdomo, funda dogodogo, sitakugombeza nayo kama safari ni ndefu. Mwenye kisukari anayetumia insulini awaulize wahudumu wa afya mapema afanye nini, asijiamulie.

Dawa ya kutuliza maumivu ilikuwa na sifa mbaya enzi nilipoanza kazi. Tuliambiwa tusiwape wagonjwa hadi daktari mpasuaji awaone, eti itaficha ugonjwa. Hospitalini siku hizi hupewa, kwa kuwa imeonekana haimzuii daktari kutambua tatizo. Nyumbani, kidonge cha paracetamoli kwa kipimo cha kawaida hakina kosa, bora uandike jina na saa, na nafuu yake usiihesabu kuwa kupona.

Antibayotiki za kubahatisha kutoka duka la dawa, hapana. Aprili 1961 daktari wa Kirusi aitwaye Leonid Rogozov, miaka 27, alikuwa kituo cha utafiti huko Antaktika, daktari pekee. Alianza kwa uchovu na kichefuchefu, kisha maumivu yakashuka kulia. Alijaribu antibayotiki, hali ikazidi. Nje dhoruba, hakuna ndege ya kumtoa. Akajichoma sindano ya ganzi, wenzake wakamshikia kioo na taa, akajipasua mwenyewe kwa muda wa saa moja na dakika 45. Nawaeleza kisa hicho wanaoniambia wataangalia hadi Jumatatu. Mtu aliyeujua ugonjwa huu vizuri aliona kujipasua tumbo kuna nafuu kuliko kusubiri.

Saa ya kuondoka

Tumbo linalouma mfululizo kwa saa sita bila kuachia, kwa mtu aliyekuwa mzima, liende kuonwa. Maumivu yakihamia kulia chini, au yakiongezeka kwa kukohoa na kutembea, na chakula hakitakiwi, ondoka muda huohuo, usiku au mchana. Usiende kliniki ambayo haina daktari wa upasuaji kama ipo njia ya kufika kwenye hospitali yenye huduma hiyo.

Piga simu ya dharura au tafuta gari papo hapo ukiona mojawapo ya haya:

- maumivu yameenea tumbo zima na tumbo limekuwa gumu kulibonyeza
- homa kali na kutetemeka, moyo unakimbia, jasho la baridi, ngozi imepauka
- anachanganyikiwa, amezimia au hakojoi
- anatapika kijani au damu
- maumivu makali yalikatika ghafla, lakini mtu bado anaonekana mgonjwa

Hilo la mwisho ndilo lililomlaza mdogo wangu. Kidole tumbo kikipasuka, shinikizo linashuka na mgonjwa hupumua kwa muda mfupi, kabla usaha haujawasha tumbo zima. Mgonjwa asiendeshe gari mwenyewe.

Ukifika mapokezi

Usiseme "tumbo linauma" ukanyamaza. Sema hivi: "Yalianza saa mbili usiku kitovuni, saa tisa yakahamia hapa, nimetapika mara mbili baada ya hapo, sijala tangu jana jioni, nikikohoa yananichoma." Sentensi hiyo ingekuondoa kwenye benchi langu. Ongeza dawa ulizomeza, dawa zinazokudhuru, na kwa mwanamke tarehe ya hedhi ya mwisho. Ukiwa benchini maumivu yakibadilika, inuka useme tena. Hakuna nesi mwenye akili atakayekasirika, na akikasirika, mwache akasirike.

Watakupima damu kuangalia chembe nyeupe, mkojo, mimba kwa wanaohusika, na kama vipo, ultrasaundi au skani. Saa za mwanzo vipimo vyote vinaweza kuwa safi. Ukirudishwa nyumbani, usitoke mlangoni kabla hujauliza mambo mawili: nirudi nikiona nini, na nirudi saa ngapi hata nisipoona kitu. Kuambiwa urudi baada ya saa 12 kupimwa upya ni utabibu mzuri, kwa hiyo rudi kweli.

Kikithibitika, tiba ya kawaida ni kukiondoa, kwa mkato mmoja au kwa matundu madogo na kamera. Kwa kidole tumbo ambacho hakijapasuka, madaktari wengine huweza kukupa chaguo la antibayotiki peke yake chini ya uangalizi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, karibu watatu kati ya kumi waliopangiwa njia hiyo waliishia kupasuliwa ndani ya siku 90. Uliza, pima, amua na daktari wako. Mwili hauhitaji kidole tumbo kuishi vizuri. Na hapana, kwa kawaida ugonjwa huu hausababishwi na mtu kumeza mbegu. Wacha kumlaumu mtoto.

Ukisharuhusiwa, homa mpya, kidonda kutoa usaha, tumbo kuvimba au kutapika kusikokoma kunakurudisha hospitali.

Mwaka jana simu yangu iliita saa kumi kasoro usiku. Mdogo wangu. Hakunisalimia. "Dada, ni mwanangu mdogo. Saa mbili usiku kitovuni. Saa saba na nusu kulia chini. Katapika mara moja, baada ya maumivu. Hajala. Nimempa paracetamoli saa tatu." Anasoma, nasikia karatasi.

"Mko wapi sasa?"

"Njiani. Tumepita tuta la pili."

"Na?"

"Shangazi," ilikuwa sauti ya mtoto, kutoka kiti cha nyuma, "mwambie baba apite polepole."